Kila Sentensi na Makala Yake

Mpe mwanafunzi wa Songea kazi ya kuandika juu ya Nduna Songea Mbano katika Wikipedia ya Kiswahili, na aya ya kwanza itanyooka: nduna wa Wangoni, kiongozi katika Vita vya Majimaji, akanyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na mji wetu ukabaki na jina lake. Aya ya pili inaanza kuhama. Wangoni wanavuka mto Zambezi mwaka 1835, mganga Kinjekitile anaingia na maji yake ya dawa ya Ngarambe, na mara timu ya soka ya Majimaji iko uwanjani.

Mlezi wa wahariri wapya asiye na subira hufuta yote, na mwanafunzi harudi tena. Anayeijua kazi, ambaye namheshimu sana, huketi naye wakasoma sentensi moja moja, na kila moja akaiulizia: hii inatueleza nini kuhusu Mbano? Kuvuka Zambezi ni habari ya Wangoni wote, basi iende kwenye makala yao, hapa kibaki kiungo. Timu nayo ihame. Kinjekitile anastahili makala yake, lakini sentensi moja juu yake haitoki, maana bila habari ya maji msomaji hataelewa vita vilivyomfikisha Mbano kitanzini. Kisha mwanafunzi mwenyewe anaandika sababu za mabadiliko hayo kwenye ukurasa wa majadiliano, ili mhariri atakayekuja asilazimike kubahatisha.

Kigumu zaidi ni masimulizi ya nyumbani. Kijana ameandika aliyosikia kwa bibi yake, na kamusi elezo inataka chanzo kilichochapishwa. Nimeona maneno kama hayo yakiondolewa kwa kejeli, na iliniuma. Mlezi mwema humwambia ayaandike daftarini, pamoja na jina la bibi na tarehe, kisha wayapeleke Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, hapa Songea, lilipo kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa. Habari hiyo ni mali. Makala hii tu siyo mahali pake.

Mwalimu wa historia, kabla ya kumbukumbu ya mashujaa ya Februari 27 ijayo, chagua makala moja inayohusu mkoa wetu, uisome na wanafunzi wako hadi sentensi ya mwisho.