Barabara na Lango: Uhakiki wa Toleo la Bure la Mchezo wa Old School RuneScape kwa Jicho la Kilosa na Mikumi

Mchezo wa RuneScape ulitolewa na Jagex, kampuni ya Cambridge nchini Uingereza, mnamo Januari 2001. Kwa mwaka mmoja na ushei ulikuwa wazi kwa kila mtu. Februari 2002 ukaanza kutoza ada ya uanachama, na tangu hapo ulimwengu wake umekuwa na pande mbili, upande wa wanaolipa na upande wa wasiolipa. Toleo linalohakikiwa hapa ni Old School RuneScape, lililofufuliwa Februari 2013 kutokana na nakala iliyohifadhiwa ya mwaka 2007, likafunguliwa kwa wasiolipa Februari 2015, kisha likafikishwa kwenye simu janja Oktoba 2018. Tarehe hiyo ya mwisho ndiyo inayoufanya mchezo huu ustahili kujadiliwa kwa kuzingatia mazingira ya Kilosa. Kompyuta ya nyumbani ni chombo cha wachache katika wilaya hiyo, ilhali simu ni ya wengi, na bando hununuliwa hata kwa matumizi ya siku moja.

Matoleo ya bure ya michezo ya kulipia kwa kawaida hupimwa kwa swali moja: mchezaji asiyelipa amenyimwa nini? Kwa mchezo huu jibu ni rahisi kulitoa. Kati ya stadi 23 zilizokuwamo kwa miaka mingi, asiyelipa alipewa 15. Sehemu kubwa ya ramani imefungwa kwake, na misako mingi haimhusu. Hesabu hiyo ni sahihi lakini ina kasoro ya kihakiki, kwa kuwa inakichukulia kile kilichotolewa bure kama kipande kilichokatwa kutoka katika kitu kizima, na hivyo kukinyima haki ya kusomwa kama matini yenye mwanzo, kati na mwisho wake. Aidha, inadhani kwamba lango lililopo ni moja tu, lile la fedha.

Kuhusu dhana ya kwanza, mkazi wa Mikumi ana mfano mzuri zaidi kuliko ule wa sampuli ya dukani. Basi litokalo Morogoro kwenda Iringa au Mbeya hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilomita zipatazo 50. Abiria hulipa nauli tu, wala hatozwi kiingilio cha hifadhi. Akijaliwa, huona twiga, pundamilia, tembo, na nyani wanaongoja maganda ya ndizi kando ya lami. Anayetaka kuiacha lami na kuingia ndani, hadi kwenye mabwawa ya viboko, hulipa langoni. Hata hivyo, hakuna mwenyeji anayeiita barabara ile jaribio la hifadhi. Barabara ina safari yake, kanuni zake za mwendo, faini zake kwa agongaye mnyama, na mwisho wake, ambao ni mji wa Mikumi wenyewe, panapochepuka njia ya Kilosa upande mmoja na ya Kidatu na Ifakara upande mwingine. Aliyeipita ameimaliza.

Toleo la bure la Old School RuneScape ni barabara ya namna hiyo. Mchezaji hufundishwa katika kisiwa cha mafunzo, kisha huachwa katika mji mdogo wa Lumbridge. Msako wa kwanza ambao wengi huukuta huko ni wa mpishi wa mtawala wa mji, anayehitaji yai, maziwa na unga ili aoke keki ya siku ya kuzaliwa ya bwana wake. Shujaa huchuma ngano shambani, huipandisha juu ya kinu, huivuta nyenzo, kisha hushuka chini kuukinga unga chunguni. Ni mwanzo wa unyenyekevu usiolingana na majivuno ya michezo mingi ya aina hii, ambayo humtangaza mchezaji kuwa mkombozi kabla hajajua kutembea. Shujaa wa Lumbridge ni mtumwaji kwanza. Hapa yupo karibu na kijana wa ngano za Kibantu, ambaye hutumwa na wakubwa, akatii, na kwa utiifu huo akapata silaha ya kumkabili zimwi.

Na zimwi lipo. Mwisho wa barabara ni msako wa kumwua joka Elvarg katika kisiwa cha Crandor, na hauruhusiwi ila kwa aliyekwisha kukusanya pointi 32 za misako mingine. Mchezaji hutafuta vipande vitatu vya ramani, hununua merikebu mbovu kwa sarafu 2,000, huitengeneza, humpata nahodha, na huomba ngao ya kuzuia moto kwa mtawala yule yule wa Lumbridge ambaye keki yake ilioka mambo mwanzoni. Kurejea huku kwa mtawala ni ushahidi wa muundo. Matini inajikumbuka. Asiyelipa amepewa msuko uliofungwa, wenye taharuki inayopanda kwa hatua, na kwa kipimo cha ploti peke yake toleo la bure lina umoja ambao upande wa kulipia, kwa wingi wa visiwa na matawi yake, hauna.

Tofauti ya malango inaonekana ndani ya ramani yenyewe. Katika mchezo uliofufuliwa, anayetoka Lumbridge kwenda mji wa jangwani wa Al Kharid huwakuta walinzi wanaodai sarafu 10. Kodi hiyo ni sehemu ya hadithi: ina anayeitoza, na akishamwokoa mwana wa mfalme wa mji huo mchezaji husamehewa. Magharibi ya mji wa Falador kuna lango jingine, la kuelekea Taverley. Asiyelipa akiligusa huarifiwa kwamba anahitaji kuwa katika seva ya wanachama. Hapana mlinzi mwenye jina, hapana kisa, hapana tendo la kishujaa litakalolifungua. Sauti ya msimulizi imekatika na sauti ya muuzaji imeingia mahali pake. Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu mchezo na utamaduni, aliueleza mchezo kuwa hufanyika ndani ya mipaka yake ya mahali na wakati, ukitengwa na maisha ya kawaida. Lango la Taverley ni mahali ambapo mpaka huo umetobolewa na ankara. Kama kasoro ya kisanaa, ni halisi. Lakini ina uaminifu wake pia: imetamkwa waziwazi, na mchezaji anajua amezuiwa na nini.

Lango zito zaidi halijatamkwa popote. Mchezo hauna Kiswahili. Wahusika wake huzungumza Kiingereza, tena si cha maelekezo makavu bali cha mizaha, mafumbo na dhihaka za kifasihi. Mojawapo ya misako ya bure ni mzaha juu ya Romeo na Juliet wa Shakespeare, ambamo kijana husahau mapenzi yake upesi baada ya kuambiwa kuwa mpenzi amekufa. Anayeicheka dhihaka hiyo anaijua tamthiliya inayodhihakiwa. Msomaji wa Kiswahili alimpokea Shakespeare kupitia tafsiri za Nyerere, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na tamthiliya hii si miongoni mwa hizo mbili. (Kwa bahati, kati ya Mikumi na mji wa Kilosa kuna kata iitwayo Ulaya; kwa anayechezea huko, Ulaya ya kwenye simu, yenye ngome na mashujaa wake, ndiyo iliyo mbali.) Elimu ya msingi katika shule za umma Tanzania hutolewa kwa Kiswahili. Kijana aliyeishia darasa la saba anaweza kuifuata ramani, kugusa mti na kuvua samaki. Hawezi kuambiwa kwa nini.

Mfano bora ni mmojawapo wa vipande vya ramani ya Crandor. Mpiga ramli aliye juu ya Mlima wa Barafu hulitaja fumbo, na katika fumbo hilo mmefichwa vitu vinne vinavyoufungua mlango wa chini ya ardhi: hariri, dema la kukamatia kamba, bakuli la udongo lisilochomwa, na kinywaji cha wachawi. Hiki ni kitendawili kwa maana kamili ya utanzu huo. Kinaficha kitu cha kawaida katika maelezo yasiyo ya kawaida na kungoja hadhira itegue. Hadhira ya Kilosa, iliyolelewa katika utamaduni wa vitendawili, ingekuwa ya kwanza kukifurahia. Mulokozi (1989) anaitazama fasihi simulizi kuwa tukio, linalofungamana na fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Hapa fanani amesema, mahali papo, wakati upo, na tukio halikutukia, kwa sababu hadhira haikusikia lugha.

Inaweza kujibiwa kwamba video za mtandaoni humwonyesha mchezaji pa kugusa, na kwamba wengi wamemwua Elvarg bila kusoma mstari. Ni kweli, na jibu hilo linaithibitisha hoja. Aarseth (1997) aliyatenga matini yanayomdai msomaji jitihada ya ziada ili ayapitie, zaidi ya kufungua kurasa. Katika mchezo huu jitihada na hadithi zimesukwa pamoja: ngano inachumwa kwa sababu kuna keki, na keki ipo kwa sababu kuna sherehe. Ukiiondoa lugha, hadithi hudondoka na jitihada hubaki. Kinachobaki kinaitwa kazi.

Kazi hiyo inatambulika Kilosa. Katika mashamba ya mkonge ya enzi ya ukoloni, likiwamo eneo la Kimamba, mfanyakazi alishika kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyoitimiza, na ujira wake ulilipwa alama 30 zilipokamilika. Mchezaji asiyeisoma hadithi hukata mti, hupata alama, hukata tena. Ulinganisho huu una mpaka wake, kwani aliyeshika kipande hakuwa na uwezo wa kuizima simu. Lakini mchezo wenyewe ndio unaoukaribisha. Ndani yake huuzwa hati iitwayo Bond, ambayo mtu mmoja huinunua kwa fedha halisi na kumwuzia mwenzake kwa sarafu za mchezo. Aliyeipata huigeuza kuwa siku 14 za uanachama. Asiye na kadi ya benki anaweza basi kulipita lango la Taverley kwa kukata miti usiku kucha. Uhusiano wa sarafu hizi na ufukara si wa kubuni: wakati wa mporomoko wa uchumi nchini Venezuela, vijana wa huko walijulikana kwa kuuza sarafu za mchezo huu ili wapate dola.

Neno bure, kwa hiyo, linahitaji kuhojiwa. Mchezo haufanyi kazi bila mtandao; kila saa ya kukata miti ni bando na chaji, na umeme ukikatika hata sarafu ya kesho imeahirishwa. Kwa mchezaji wa Cambridge saa hizo ni burudani ya kuokoa ada. Kwa wa Mikumi ni gharama iliyokwisha kulipwa kabla ya kufika langoni, na anayemlipa ni mtandao wa simu, si Jagex. Toleo la bure linastahili sifa ya ploti yake iliyotolewa hapo juu, na uhakiki huu hauiondoi. Linachostahili kulaumiwa si kwamba limefunga Taverley. Ni kwamba, kwa kukosa tafsiri, limempa msomaji wa Kiswahili barabara bila wanyama: kilomita 50 za lami na vioo vilivyotiwa rangi. Matini ya misako ya bure si ndefu, na inaweza kutafsiriwa na watu wachache wenye ujuzi wa vitendawili na utani. Gharama ya kazi hiyo haiwezi kulinganishwa na ya kuujenga ulimwengu mpya.

Hata mwisho wa hadithi hupotea kwa kukosa kazi hiyo. Elvarg akishakufa, kichwa chake hupelekwa kwa Oziach wa Edgeville, mfanyabiashara wa deraya, na tuzo ya shujaa ni idhini ya kuvaa deraya ya thamani ambayo Oziach huyo huyo huiuza. Baada ya merikebu, moto na joka, shujaa amepewa ruhusa ya kununua. Ni kejeli kali kuliko zote katika toleo la bure, na imewekwa na waandishi wa mchezo unaoishi kwa kuuza ruhusa. Asiyesoma Kiingereza huona tu kwamba kifuani mwa mhusika wake sasa panaweza kukaa chuma cha rangi ya buluu.