Istilahi pekee hazitoshi kuifunza mashine kupima kwa Kiswahili

Kila panapozuka mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi, wengi wetu hukimbilia istilahi. Huyu anataka 'tarakilishi', yule anashikilia 'kompyuta', na wa tatu anazuka na 'ngamizi'. Mjadala huo una nafasi yake, ila umetupumbaza kiasi. Tumeamini kwamba neno likishapatikana, basi sayansi imekwisha kusemeka. Mimi napinga. Kinachokikwaza Kiswahili cha maabara leo si uhaba wa maneno. Ni ulegevu wa sentensi.

Hoja hii hudhihirika vyema katika programu zinazoendesha ala za maabara. Zamani fundi aliketi mbele ya mtambo, akazungusha kitufe, akasoma mshale, akaandika tarakimu daftarini. Siku hizi huandika amri mara moja tu, kisha kompyuta ikaendesha ala usiku kucha. Safari hii haikuanza jana. Mnamo 1975 kulipitishwa kiwango cha IEEE 488 cha kuunganishia ala na kompyuta. Mwaka 1986 kampuni ya National Instruments ikatoa LabVIEW, programu ambamo mtu huchora hatua za kazi kwa visanduku na nyaya badala ya kuziandika. Kufikia 1990 watengenezaji wa ala walikuwa wamekubaliana kuhusu lugha ya pamoja ya amri iitwayo SCPI.

Hebu tuchukue kazi moja nyepesi. Kuna kihisi cha platini kiitwacho Pt100. Ukinzani wake ni omu 100 halijoto ikiwa sufuri selisiasi, na hupanda hadi takriban omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Fundi anataka kukihakiki kihisi hicho. Atakitia katika oveni ndogo, apandishe halijoto hatua kwa hatua, na katika kila hatua apime ukinzani mara kadhaa ili apate wastani. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana huachiwa mashine. Je, maagizo yake tutayaandikaje kwa Kiswahili?

Mosi, tutazame kiambishi '-ki-'. Mfasiri wa haraka ataandika: "Halijoto ikifika nyuzi 80, pima ukinzani." Sentensi tamu, wala haina kosa la kisarufi. Msomaji binadamu ataielewa na kungoja. Lakini '-ki-' hubeba sharti na wakati kwa pamoja. Tukisema "Juma akija, mpe barua", hatujabainisha iwapo tuna hakika kwamba Juma atakuja. Mashine haina subira ya kubahatisha. Aliyeitafsiri '-ki-' kuwa sharti ataifanya ikague halijoto mara moja tu. Ikikuta nyuzi 25, itaona sharti halijatimia, iruke hatua na kuendelea na mambo mengine. Asubuhi fundi atakuta faili tupu, ilhali hakuna ala iliyoharibika.

Utata hauishii hapo. "Pima ukinzani halijoto ikipanda" ina maana ya tatu: upimaji uendelee sambamba na kupanda kwa joto. Sharti, wakati na usambamba vyote vimebebwa na silabi moja! Hata hivyo, asije mtu akasema eti Kiswahili hakina uwezo. Zana tunazo. 'Ikiwa' ni ya sharti. '-po-' ni ya wakati: inapofika, itakapofika. Tena kuna muundo ulio wazi kabisa: "Subiri hadi halijoto ifike nyuzi 80, kisha pima." Tatizo ni kwamba tunaziacha zana hizo kabatini, tukatumia '-ki-' kwa kila kitu kwa sababu ni fupi.

Pili, kuna kuhesabu. "Pima, kisha rudia mara tano." Je, vipimo ni vitano au sita? 'Kurudia' ni kufanya tena, kwa hivyo tendo la kwanza si marudio. Kwa mantiki hiyo, jumla ni sita. Lakini mwalimu anayemwambia mwanafunzi arudie shairi mara tano mara nyingi hukusudia tano tu. Darasani hakuna atakayeumia. Katika maabara, wastani wa tarakimu sita uliogawanywa kwa tano ni uongo uliovaa suti. Andika "pima mara tano" na uache 'rudia' lipumzike.

Ndugu yake ni 'hadi'. "Kuanzia nyuzi 20 hadi 80, kwa hatua ya nyuzi 10." Katika mazungumzo yetu 80 imo, na vituo ni saba. Katika lugha ya Python, agizo la 'range' huiacha nje tarakimu ya mwisho, hivyo vituo hubaki sita. Sasa lawama si ya Kiswahili peke yake. Lakini mwandishi anayejua kwamba mashine na binadamu huhesabu tofauti ana wajibu wa kusema "80 ikiwemo". Maneno mawili tu, na ubishi umekwisha.

Tatu, kuna neno 'kipimo' lenyewe, ambalo tumelibebesha mzigo wa punda. Kipimo ni chombo cha kupimia. Kipimo ni kiasi kilichopatikana. Kipimo ni mita au kilo. Kipimo pia ni tendo, kama mgonjwa anapotumwa akafanyiwe vipimo. Sasa mtu akiandika "Hifadhi kipimo", fundi arudishe chombo kabatini au aandike tarakimu kwenye faili? Pendekezo langu ni kugawa kazi. Tendo liitwe 'upimaji', chombo 'ala', mita na omu ziwe 'vizio', na tarakimu iliyopatikana iwe 'thamani'. Maneno yote haya tunayo tayari. Kinachohitajika ni nidhamu.

Lugha ya SCPI inatupa somo hapa. Amri ya MEASure huiandaa ala, ikaianzisha na kuleta thamani, yote kwa pamoja. READ huanzisha upimaji mpya kwa mipangilio iliyopo na kuleta thamani. FETCh haipimi kitu. Huleta tu thamani iliyokwisha kupatikana. Mfasiri anayezitia zote tatu katika kitenzi 'soma' amefuta tofauti ambayo wahandisi waliilinda kwa makusudi. Mtu anaweza kuleta thamani ileile ya zamani mara tano, akaridhika kwamba ala yake ni thabiti ajabu kwa kuwa tarakimu hazibadiliki hata chembe! 'Pima', 'soma upya' na 'leta' zingetosha kumwokoa.

Nne ni jina la shughuli nzima. Wengine huiita 'mfululizo', wengine 'msururu', wengine 'mfuatano'. Nachagua 'mfuatano'. Mfululizo hudokeza jambo lisilokatika, kama mvua iliyonyesha siku tatu mfululizo, ilhali upimaji mzuri umejaa vituo vya kungoja halijoto itulie. Msururu hunikumbusha foleni ya matatu. Mfuatano unatokana na kufuatana, yaani hili halitangulii lile, na hilo ndilo kiini cha kazi yenyewe.

Waama, Kiswahili kina jambo hapa ambalo lugha nyingi zingelionea wivu. Tuna '-ka-' ya mfuatano. Kumbukumbu ya mashine ingeweza kuandikwa hivi: "Iliweka nyuzi 20, ikasubiri dakika 10, ikapima mara tano, ikahifadhi thamani." Kila '-ka-' ni ushahidi kwamba hatua iliyotangulia imekamilika. Ila katika saa tuwe waangalifu. Kwetu saa mbili asubuhi ni 08:00 ya kompyuta, na "pima saa mbili" si sawa na "pima kwa saa mbili".

Najua kuna watakaoguna: "Kwani shida ni gani? Amri zenyewe ni za Kiingereza!" Ni kweli. Lakini mfuatano hauanzii katika amri. Huanzia katika mpango ambao mtu anauwaza na kuwaeleza wenzake, na mafundi wetu wengi huelezana kwa Kiswahili. Maandishi yanayojitokeza kwenye skrini kumwambia mhudumu abadilishe sampuli yanaweza kuwa katika lugha yoyote. Maabara hizi ndizo zinazopima maji tunayokunywa na dawa tunazomeza. Sentensi yenye maana mbili haiishii kwenye skrini. Hutoka ikaingia katika cheti.

TUKI ilitutolea Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katiba ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Maneno tumepewa, hadhi tumepewa. Sasa wahariri na wafasiri wa sayansi waache kuridhika na faharasa. Wachukue kila agizo walilolitafsiri, wampe fundi ambaye hakuwepo lilipoandikwa, wamwambie alitekeleze bila kuuliza swali. Akiuliza hata moja, agizo hilo lirudishwe likaandikwe upya.