Pointi Mbili za Nijmegen: Namna Norwei Ilivyoipiku Uholanzi Katika Kundi la 3

Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2019 lilichezwa Ufaransa, na kwa kuwa wenyeji walikuwa na nafasi yao tayari, nchi nyingine za Ulaya zilibaki kugombea nafasi 8, ambazo 7 kati yake zilitengewa vinara wa makundi 7 yenye timu tano tano, na ile moja iliyosalia ikaachiwa timu nne bora zilizoshika nafasi ya pili, ambazo zilipaswa kupambana zenyewe katika mchujo wa ziada. Mpangilio huo ulikuwa mkali kuliko unavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu timu iliyoshika nafasi ya pili, hata kama ilipitwa kwa pointi moja tu, ilijikuta kwenye njia nyembamba ambamo timu tatu kati ya nne zilirudi nyumbani mikono mitupu.

Kundi la 3 liliziweka pamoja Norwei, Uholanzi, Jamhuri ya Ireland, Slovakia na Ireland ya Kaskazini, na liliisha kwa jambo ambalo wachache walilitarajia: Uholanzi, bingwa wa Ulaya wa mwaka 2017, ilishika nafasi ya pili ikiwa na pointi 19, nyuma ya Norwei yenye pointi 21. Mwaka huohuo wa 2017 Norwei ilikuwa imeshika mkia wa kundi lake katika michuano ya Ulaya, ikapoteza mechi zote tatu bila kufunga bao lolote, na mara tu baada ya michuano hiyo mshambuliaji wake mkuu, Ada Hegerberg, akajiondoa katika timu ya taifa. Kocha Martin Sjögren alilazimika kuijenga timu upya bila mfungaji ambaye nchi yoyote ingemtegemea, akawategemea nahodha Maren Mjelde, Caroline Graham Hansen na Isabell Herlovsen.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kundi hili hutaja usiku wa tarehe 4 Septemba 2018 jijini Oslo, ambapo Norwei iliishinda Uholanzi 2-1 katika mechi ya mwisho. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Uholanzi iliingia Oslo ikiwa na pointi 19 dhidi ya 18 za wenyeji, yaani sare yoyote ingeipeleka Ufaransa, na katika mechi saba zilizotangulia lango lake halikuwa limeguswa hata mara moja. Ingrid Syrstad Engen na Herlovsen waliivunja rekodi hiyo kabla dakika kumi za kwanza hazijakwisha, na ingawa Vivianne Miedema alirudisha bao moja, wenyeji waliulinda ushindi wao hadi filimbi ya mwisho. Timu inayotafuta sare huwa na mtihani wa pekee, kwani haijui kama isonge mbele au ikae nyuma, na Norwei, ambayo ushindi pekee ndio ungeifaa, haikumpa mpinzani wake muda wa kulipata jibu.

Hata hivyo, mzizi wa matokeo ya kundi uko miezi tisa nyuma, katika mji wa Nijmegen, tarehe 28 Novemba 2017, ambapo Uholanzi ilitoka 0-0 na Jamhuri ya Ireland. Kocha wa wageni, Colin Bell, aliwarudisha wachezaji wake karibu wote nyuma ya mpira, wakaziba katikati ya uwanja na kuwaachia wenyeji umiliki usio na madhara. Mfumo wa kocha wa Uholanzi wa wakati huo, Sarina Wiegman, uliokuwa wa mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, ulipata nguvu zake pembeni, kwa mawinga kama Lieke Martens na Shanice van de Sanden waliohitaji nafasi ya kukimbilia nyuma ya mabeki, na ukuta uliokaa chini karibu na kipa wake uliifuta nafasi hiyo kabisa. Haifai kusahau kwamba wachezaji wa Ireland, miezi michache tu kabla, mwezi Aprili mwaka huohuo, walikuwa wamelazimika kujitokeza hadharani mjini Dublin kudai mazingira bora ya kufanyia kazi yao. Waliokwenda Nijmegen walikuwa watu waliokwisha kujifunza kusimama pamoja.

Thamani ya sare ile huonekana mtu anapozisoma kanuni za kutenganisha timu zenye pointi sawa. Kanuni za Ulaya za wakati huo hazikuanza na tofauti ya mabao ya kundi zima, ambako Uholanzi ilikuwa juu kwa mabao 20 dhidi ya 18 ya Norwei, bali zilianza na matokeo ya mechi ambazo timu husika zilikutana zenyewe kwa zenyewe: kwanza pointi, kisha tofauti ya mabao, kisha idadi ya mabao, na hatimaye mabao ya ugenini, yaani yale yaliyofungwa katika uwanja wa mpinzani. Wasomaji wa Kenya wanaikumbuka kanuni hii ya mwisho, kwani ndiyo iliyoivusha Harambee Starlets mbele ya Algeria kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika la 2016 baada ya sare ya jumla ya 3-3.

Uholanzi ilikuwa imeishinda Norwei 1-0 mjini Groningen mwezi Oktoba 2017. Kwa hiyo, kama ingeifunga Ireland, timu zote mbili zingemaliza na pointi 21, zikiwa zimeshinda mara moja moja zilipokutana na kufungana jumla ya 2-2, na bao la Miedema pale Oslo, likiwa ndilo bao pekee la ugenini, lingeipa Uholanzi uongozi wa kundi. Ni kweli kwamba mechi ya Oslo ingechezwa kwa hesabu nyingine, lakini hesabu hiyo ingekuwa nzito kwa Norwei, ambayo ingehitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili. Norwei yenyewe ilichukua pointi zote 18 kutoka kwa timu tatu nyingine za kundi, ikiwemo Ireland, iliyoishinda kwa taabu 1-0 nyumbani baada ya 2-0 ugenini, na hapo ndipo ilipostahili kuongoza.

Uholanzi ililipia kosa lake kwa mechi nne za ziada, ikaitoa Denmark na kisha Uswisi, kila moja kwa jumla ya 4-1, na mwezi Julai 2019 ikacheza fainali jijini Lyon, ikafungwa na Marekani 2-0, ilhali safari ya Norwei ilikuwa imekatishwa na Uingereza katika robo fainali.

Tofauti na makundi hayo ya Ulaya, soka la wanawake barani Afrika limekuwa likizichuja timu zake kwa mtoano wa nyumbani na ugenini, utaratibu ambao Twiga Stars wa Tanzania waliupita mwaka 2023 walipoitoa Togo kwa jumla ya 3-2. Katika utaratibu huo timu inayotolewa mapema inaambulia mechi mbili tu za ushindani, na sare kama ile ya Nijmegen haipati nafasi ya kuzaa matunda miezi tisa baadaye. Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) linapaswa kuwapa wanawake makundi ya kufuzu yenye mechi za kutosha, kama lilivyowapa wanaume.