Ukwapi Mchungu, Utao Mtamu

Siku ya kwanza nilipoomba sukari kwenye kijiwe cha kahawa, Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, benchi zima liliangua kicheko. Mzee aliyekuwa akimimina hakucheka. Alinisogezea sinia la kashata kwa ncha ya kidole. "Sukari yako hiyo hapo, mjukuu wangu. Humu ndani mna kahawa." Nikadhani ubahili. Baadaye nikadhani ni ubishi tu, ule unaowafanya watu wa benchi lile wabishane Simba na Yanga hadi adhana ya magharibi. Nimechelewa sana kung'amua kwamba siku ile nilifundishwa arudhi.

Tukisome kikombe kama tunavyosoma ubeti. Ni cha kauri, hakina mkono, kinashikwa kwa vidole vitatu na hakijazwi hadi ukingoni. Birika limekalia jiko dogo la mkaa, na kando yake ipo ndoo ya maji ya kusuuzia. Ndani ya birika mna maji, kahawa iliyokaangwa hadi kukaribia weusi kisha ikatwangwa, tangawizi iliyopondwa, na kwa wengine iliki au mdalasini. Maziwa hamna, sukari hata chembe. Sukari yote imehamishiwa kwenye sinia: kashata za karanga na za nazi, zimekatwa mshazari. Mnywaji anapiga funda dogo, anamega kashata, anatafuna taratibu, anarudi kikombeni.

Mshororo wa shairi la kimapokeo umekatwa katikati. Kipande cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao, kwa kawaida mizani nane kwa nane, na kila kipande kinaishia kwenye kina chake. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria hizo kitabuni mwaka 1954, kabla hajawa meya wa jiji hilihili la Dar. Funda la kahawa ni ukwapi. Kashata ni utao. Pale katikati, mnywaji anapotua kikombe na mkono kuelekea siniani, pana ule mkato ambao msomaji mzuri wa shairi huusikia bila kuoneshwa alama.

Ukiuondoa mkato huo, yaani ukikoroga sukari ndani ya kikombe, unapata kinywaji kingine hata kama vipimo ni vilevile. Ulimi ndivyo ulivyo. Uchungu na utamu vikiingia kinywani pamoja hupunguzana makali, na matokeo yake ni kitu cha katikati kisichomkera mtu wala kumshtua. Vikifuatana hupandishana. Kashata inayokuja nyuma ya funda chungu huwa tamu kuliko ilivyo kweli, na funda linalorudi nyuma ya kashata huwa chungu kuliko lile la kwanza. Ndiyo maana kikombe kidogo kiasi kile kinaweza kunywewa kwa robo saa bila kuchosha. Kila mshororo unauchokoza unaofuata.

Tena kuna vina. Hili nililigundua kwa bahati, siku iliyokuwa na kashata ya nazi yenye iliki nyingi na birika nalo lilikuwa na iliki. Harufu ileile ilinijia mwishoni mwa funda, ikanijia tena mwishoni mwa kutafuna, kwenye uchungu kisha kwenye utamu, kama silabi moja inayofunga vipande viwili vyenye maana tofauti. Kashata ya karanga haina iliki mara nyingi, lakini nayo ina kina chake, na nathubutu kusema ni kina cha ustadi zaidi kwa kuwa kimejificha. Karanga zimekaangwa. Kahawa imekaangwa. Moto ukiipata mbegu yenye protini na sukari huzaa viambata vya harufu viitwavyo pirazini, na viambata vya jamii hiyo vimo katika vyote viwili. Sukari ya kashata nayo imepikwa hadi ikaanza kugeuka rangi. Kwa hiyo kashata ya karanga inaiitikia kahawa kwa moto, wala haihitaji kiungo cha kuazima. Kama mtu ana kashata mbili mbele yake na mimi ndiye mshauri, namwambia aanze na nazi, amalizie na karanga.

Uchungu wenyewe una tabaka. Watu husema ni kafeini, na kafeini ni chungu kweli, ila mchango wake kikombeni ni sehemu ndogo tu. Robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, na bado tofauti kubwa zaidi mdomoni inaweza kuletwa na mkaangaji. Kahawa mbichi imejaa asidi za jamii ya klorojeni. Ukiikaanga kwa wastani, asidi hizo huvunjika na kutoa uchungu mwepesi unaopita upesi. Ukiendelea kukaanga hadi buni itoe mafuta juu ya ganda, unazaliwa uchungu mwingine, mzito, unaong'ang'ania nyuma ya ulimi. Kahawa ya Kariakoo inautaka huu wa pili. Uchungu unaopita upesi usingeingoja kashata ifike.

Hapa ndipo mwonjaji aliyekulia kwenye mnada wa Moshi atakapokosana nasi. Yeye humimina maji ya moto juu ya unga wa kahawa iliyokaangwa kidogo, hungoja dakika kama nne, huvunja utando kwa kijiko, huvuta funda kwa kelele na kulitema. Anautafuta ule ukali wa chachu ambao arabika ya mlimani husifiwa nao, na harufu za maua na matunda zinazotoweka haraka. Kwake kahawa iliyokaa juu ya mkaa tangu alasiri ni maiti. Hakosei, kwa kipimo chake. Harufu zile nyepesi zimeshapaa zamani, na kila dakika maji yanazidi kukamua vitu vizito kutoka kwenye mashapo. Lakini yeye anasoma neno moja likiwa peke yake, kama mtunga kamusi. Mzee wa Mkunguni anaandika mshororo, na kwenye mshororo neno huchaguliwa kwa ajili ya jirani yake. Harufu iliyopotea imejazwa na tangawizi na iliki, na uzito ulioongezeka una kazi.

Tangawizi hiyo inastahili aya yake. Katika lugha yetu neno "barabara" huandikwa vilevile likiwa ni njia au likiwa ni sawasawa; mkazo ndio unaoamua. Tangawizi ni hivyohivyo, na mkazo wake ni moto. Ikiwa mbichi, ukali wake unatokana na jinjeroli, mchomo wenye ubichi unaokaribia wa ndimu. Ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, na mchomo unaongezeka. Ikichemshwa muda mrefu, sehemu yake hugeuka zinjeroni, ambayo ni pole na ina utamu wa mbali. Ndiyo sababu tangawizi ya birikani inapasha koo joto bila kukwaruza, ilhali ileile, iliyonunuliwa kwenye fungu moja, inakukoholesha kwenye juisi ya miwa.

Juisi ya miwa ndiyo kokteli halisi ya mitaa hii, ingawa haina kilevi. Simama karibu na mashine pale Mtaa wa Kongo uone. Kijana anakunja miwa iliyokwishapita mara moja, anaipachika ndimu nzima na kipande cha tangawizi katikati ya mkunjo, anaisukuma tena kati ya magurudumu ya chuma. Kinachotoka ni tamu, chachu na kali kwa pamoja, hakuna cha kwanza wala cha pili. Wachanganyaji wa baa hujenga vinywaji vingi kwa nguzo hizohizo: pombe kali, kitu kitamu, kitu kichachu. Hapa nafasi ya pombe imeshikwa na tangawizi mbichi.

Ndimu ina kazi mbili ambazo si kila mnywaji anazijua. Asidi yake inachelewesha juisi kugeuka kahawia, kwa kuwa maji ya miwa yakikutana na hewa huanza kubadilika rangi palepale. Ganda lake, kwa kuwa limesagwa pamoja, linatoa mafuta yenye uchungu kidogo, na uchungu huo ndio unaozuia utamu usikinaishe. Muuzaji anayemenya ndimu kwa usafi anaharibu kazi yake mwenyewe. Halafu inakuja barafu. Ubaridi hupunguza nguvu ya utamu ulimini, na barafu ikiyeyuka inaongeza maji, hivyo glasi inaanza ikiwa kali na kuishia ikiwa hafifu.

Ni kinywaji kizuri. Lakini kiumbo ni utenzi: mshororo wa kipande kimoja, usio na ukwapi wala utao, unaokwenda mbio hadi mwisho. Unakunywa umesimama, unarudisha glasi, unaondoka.

Ajabu ni kwamba kokteli inayokaribia mno kahawa yetu kiumbo iko baa. Naisema dawa, iliyovuma kutoka mkahawa wa Carnivore wa Nairobi: vodka, ndimu zilizokatwa vipande, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa asali. Kwa Dar wengi huitengeneza kwa Konyagi. Sukari na ndimu vimeshachanganyika, sawa, ila asali imebaki kwenye kijiti, na kwa ubaridi ule haiyeyuki upesi. Mnywaji ndiye anayekoroga. Akiacha, glasi inabaki chachu. Akisukasuka, utamu unapanda. Sehemu ya utunzi imeachwa mkononi mwake, kama sisi tulivyoachiwa kashata. Aliyebuni kijiti kile alijua kitu ambacho wauzaji wengi wa sharubati za chupa hawajakijua.

Kinyume chake nilikikuta kwenye mkahawa mmoja wa Posta, ambao jina lake nitalihifadhi. Orodha ilisema "Kahawa ya Kiswahili". Kilikuja kikombe kikubwa chenye mkono, kahawa ya mashine, sharubati ya tangawizi, povu la maziwa, na juu ya povu kashata iliyosagwa. Viungo vyote vilikuwemo, na baadhi ni bora kuliko vya Mkunguni. Ila kashata ilikuwa imeshalowa kabla sijainua kikombe, utao umeyeyukia ndani ya ukwapi, na nilichokunywa kilikuwa uji mtamu wenye harufu ya likizo. Nililipa bei ya vikombe vingi vya kijiweni. Mhudumu aliniuliza kama ningependa sukari.

Kijiweni, jioni, kashata huisha kabla ya kahawa. Nilikuwepo mara moja sinia likiwa tupu na birika bado zito, nikaomba kikombe. Mzee alimimina theluthi tu.

"Babu, mbona kidogo leo?"

"Na utaitafunia nini?" Akalikung'uta sinia kwenye kiganja changu, makombo ya karanga na chembe mbili tatu za sukari iliyoungua, akayatazama, kisha akaniongeza kahawa tone moja.