Misimu ya Msimu: Mti Mtupu na Majonzi ya Majira katika Sheng ya Nairobi

Katika taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili, neno misimu hubeba maana mbili. Ni wingi wa msimu, yaani majira. Tena ni jina la semi zinazozuka katika kundi fulani la watu, zikavuma kwa muda, kisha zikafa au zikapokewa na lugha sanifu. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, aliiweka misimu katika fungu la semi, pamoja na methali na vitendawili. Asili ya neno ni mawsim ya Kiarabu, iliyowapa mabaharia wa Bahari ya Hindi kipimo cha safari zao za kaskazi na kusi. Basi si mchezo wa maneno kuuliza iwapo misimu ya Nairobi inao msamiati wa msimu. Hususan, iwapo inalo jina la mti uliopukutika majani na la huzuni ambayo ushairi wa Ulaya umeufungamanisha nao.

Swali hili lina uzito kwa mfasiri na kwa mwalimu. Mfasiri anayekutana na majira hayo ya Ulaya mara nyingi huandika “vuli”. Lakini vuli ya Afrika Mashariki ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati ambapo ardhi huchipua na mkulima hupanda. Msomaji wa Kangemi anayeambiwa kwamba vuli ni majira ya kufa kwa majani huletewa taswira inayopingana na shamba lililo nyuma ya nyumba yao. Kitenzi pukutika kinafaa zaidi, kwa kuwa husemwa juu ya majani, nywele, na hata watu wanaokufa kwa wingi. Kiswahili, kwa hivyo, kilikwisha kuunganisha jani na uhai wa binadamu kabla ya mfasiri kukopa chochote.

Nairobi yenyewe haikosi majira ya unyonge. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu mazito hulifunika kwa siku nyingi mfululizo. Mwambao huyaita majira hayo kipupwe. Wasemaji wa Kikuyu wa Dagoretti na Kangemi wana neno gathano. Baridi inapoanza kulegea, mijakaranda ya katikati ya jiji na ya Kileleshwa hupukutisha majani, ikabaki matawi matupu. Kisha, mnamo Septemba hadi Novemba, mti huohuo huchanua maua ya zambarau, mara nyingi kabla ya majani mapya kurejea. Mjakaranda ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, lakini umejipatia nafasi katika kalenda ya jiji.

Pamoja na hayo, Sheng haikuegemeza majonzi yake kwenye mti. Msimu wake unaojulikana zaidi ni Njaanuary, neno lililopachika njaa ndani ya jina la mwezi wa kwanza. Mwezi huo kwa kawaida ni wa jua na ukavu. Kinachopukutika ni mfuko, baada ya gharama za Krismasi na mbele ya karo za shule. Karibu na neno hilo kuna kusota, yaani kuishiwa na fedha, na msoto, hali yenyewe. Anayevunjwa moyo husema amekatwa stimu, kauli ambayo sikio la Mkenya huisogeza karibu na stima, yaani umeme. Nguo iliyopauka au mtu aliyedhoofu husemwa kuwa amechapa. Taswira hizi zote ni za kupungukiwa, ila kipimo chake ni mshahara, nguo na mwili.

Maelezo mepesi yatakuwa ya kitabaka. Sheng huhusishwa na mitaa ya mashariki ya jiji, ilhali mitaa ya kitajiri ya magharibi huhusishwa na Engsh, mseto ulioegemea Kiingereza, M. H. Abdulaziz na Ken Osinde walizichunguza mbili hizi pamoja mwaka 1997. Kwa mujibu wa hoja hiyo, miti iko magharibi na misimu huzaliwa mashariki, hivyo mti ukakosa jina. Hoja hii haitoshi. Kawangware imepakana na Lavington, na anayefagia majani ya mjakaranda uani mwa tajiri huenda akarudi jioni katika chumba cha kupanga huko Kawangware. Mti anaujua vizuri kuliko mwenye nyumba. Tofauti ni kwamba kwake jani lililoanguka ni kazi, wala si mandhari ya kutafakari.

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kusahihishwa. Kukosekana kwa jina la mti mtupu kusichukuliwe kuwa upofu wa Sheng mbele ya maumbile. Ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi ulipoanza mwaka 2020, miti ya Uhuru Highway na Waiyaki Way ilikatwa, na mnamo Novemba mwaka huo mugumo mmoja mkongwe wa Waiyaki Way ukaokolewa kwa amri ya Rais. Mti ulioshinda ulikuwa na jina la wenyeji, pamoja na heshima iliyofungamana na jina hilo. Mijakaranda haina kinga ya namna hiyo katika lugha ya watu, na kisicho na jina hukatwa kwa urahisi zaidi.

Mshairi wa Nairobi, kwa hiyo, ana njia mbili za kukwepa na moja ya kufuata. Akiazima huzuni ya Ulaya ataandika vuli isiyonyesha. Akijifungia katika Njaanuary ataacha mti kwa wenye nyua. Njia ya tatu ni kutazama mpangilio wa mjakaranda wenyewe: utupu wake hutangulia ua. Msoto nao, kwa anayeusema, ni hali ya kupita, inayongoja mwisho wa mwezi. Mti na msimu hukutana katika kungoja huko, na ushairi unaoweza kuvikutanisha bado una nafasi pana.