Grasmere: Mila Iliyoishi Zaidi ya Sababu Yake

Kanisa la Mtakatifu Oswald katika kijiji cha Grasmere, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, lina sakafu ya mawe tangu mwanzoni mwa miaka ya 1840. Sakafu ya mawe haihitaji kutandikwa majani. Hata hivyo, kila Julai watoto wa kijiji hicho huandamana hadi kanisani wakiwa na mafunjo mikononi, wakiendeleza kazi ambayo haja yake ilikwisha zamani. Mila nyingi za aina hii zilikufa pale haja ilipokwisha. Hii imedumu, na tukiifumua tunaona ni kwa nini.

Tuanze na kazi yenyewe. Grasmere imekaa bondeni, kando ya ziwa dogo lenye jina hilohilo, katikati ya milima inayopata mvua nyingi kuliko karibu sehemu nyingine zote za nchi. Sakafu ya kanisa ilikuwa udongo mtupu, na chini yake walizikwa watu, hivyo ilifukuliwa na kufukiwa tena na tena. Waumini waliingia na viatu vya matope, wakapiga magoti juu ya ardhi baridi.

Dawa ilikuwa karibu. Mafunjo ya kule ni membamba, shina lake ni la mviringo lisilo na fundo, na ndani limejaa kiini cheupe, chepesi kama sifongo. Kiini hicho hushika hewa. Yakitandazwa kwa wingi, mafunjo hukinga baridi, hunyonya unyevu na kubeba matope. Hayakusukwa kama mikeka. Yalimwagwa tu, na hapo ndipo palipokuwa na unafuu wake, kwa kuwa yakichakaa yalifagiliwa nje na mapya yakaletwa bila fundi wala gharama kubwa. Kila nyumba iliyajua pia kwa matumizi mengine: shina lilimenywa, likaachiwa ukanda mmoja wa ganda ili lisikatike, kisha likachovywa kwenye mafuta ya mnyama na kuwashwa kama mshumaa wa maskini. Kwa hiyo ujuzi wa wapi yanaota na lini yakatwe haukuwa wa watu wachache.

Kazi hiyo ilikuwa na ujira. Hesabu za kanisa za karne ya 17 zinaonyesha fedha zilizotolewa kununulia pombe waliobeba mafunjo. Baadaye pombe ilipisha mkate wa tangawizi, malipo yanayomfaa mtoto. Tangawizi na sukari havikuota Grasmere. Viliingia eneo hilo kupitia bandari ya Whitehaven, pamoja na ramu, kutoka visiwa vya Karibi ambako watumwa Waafrika walilazimishwa kufanya kazi mashambani. Kipande kile kitamu kina historia yake chungu, na haifai kurukwa kwa sababu tu sherehe inapendeza.

Kisha sakafu ikawekwa mawe. Haja ikafa siku hiyo, lakini mambo matatu yalisalia: msimu wa kwenda, njia ya kupita, na kipande cha mkate mwisho wa safari. Kilichokosekana ni kitu cha kubeba chenye maana. Jibu la Grasmere lilikuwa kuugeuza mzigo kuwa umbo. Badala ya furushi la kumwagwa chini, mtu hubeba fremu iliyofungwa mafunjo na maua: msalaba, kinubi, taji, nyoka juu ya mti, mtoto Musa katika kisafina chake.

Chukua umbo moja, mkono wa Oswald. Oswald, mtakatifu wa kanisa hili, alikuwa mfalme wa ufalme wa kale wa Northumbria, akauawa vitani mwaka 642. Mwanahistoria Bede anasimulia kwamba siku ya Pasaka mfalme aliagiza chakula chake wapewe maskini waliokuwa nje, na sahani ya fedha ivunjwe wagawiwe vipande. Askofu Aidan akaushika mkono wake wa kuume na kuuombea usioze kamwe. Katika maandamano, kisa hicho chote hukaa ndani ya fremu moja ambayo mtoto anaweza kuinyanyua. Anayeitengeneza huhitaji mafunjo mabichi, yanayopindika bila kukatika, na subira ya mchana mmoja au miwili.

Kazi ya zamani haikufutwa kabisa. Wasichana sita waliovaa kijani hubeba shuka la kitani likiwa na mafunjo yenyewe, bila umbo wala pambo. Nadhani hilo ndilo jambo la busara zaidi katika mpango mzima. Fremu peke yake zingeweza kugeuka kuwa maonyesho ya maua. Shuka linamkumbusha mtazamaji kwamba kulikuwa na sakafu ya kutandikwa.

Linganisha na miji ya viwanda ya Lancashire na Yorkshire. Huko mafunjo yalipangwa juu ya mkokoteni hadi yakawa kilima kirefu chenye ncha, na mkokoteni ukavutwa na umati wa vijana huku wachezaji wakitangulia. Ilikuwa fahari kubwa. Lakini ilihitaji fundi wa kupanga mzigo usiporomoke, wanaume wengi wenye nguvu, na kiwanda kinachotoa likizo siku moja kwa wote. Nguzo moja ikitikisika, mkokoteni hautoki. Kwa sehemu kubwa desturi hiyo ilikatika, na Saddleworth iliifufua mwaka 1975, Sowerby Bridge mwaka 1977. Vijiji vichache vya Cumbria, mkoa wa Grasmere, vilivyobaki na mila yao vilikwenda njia ya Grasmere: huko Warcop wasichana huvaa mataji ya maua na wavulana hubeba misalaba ya mafunjo. Mzigo mdogo, mikono midogo, ujuzi wa nyumbani.

Wengine watasema mila iliokolewa na watalii. Ni kweli kwa kiasi fulani. Reli ilifika mji jirani wa Windermere mwaka 1847, miaka mitatu baada ya mshairi William Wordsworth kuipinga hadharani, na tangu alipozikwa kando ya kanisa hili mwaka 1850 wageni hawajakoma kuja kuliona kaburi lake. Sarah Nelson alianza kuuza mkate wake wa tangawizi mwaka 1854 katika nyumba ndogo iliyokuwa shule, penye lango la makaburi, na duka hilo lipo mpaka leo, mapishi yake yakiwa siri. Ila mgeni hununua na kupiga picha, habebi fremu. Na maandamano, yaliyokuwa yakifungamanishwa na sikukuu ya Oswald ya tarehe 5 Agosti, siku hizi hufanyika Julai, kabla shule za huko hazijafunga. Kwa upande wa utalii, Agosti ingekuwa na faida zaidi. Kwa upande wa wabebaji, Julai inafaa.

Hapo ndipo udhaifu wa mila hii ulipo. Mfumo huu umejengwa juu ya watoto wanaoishi kijijini, na katika Wilaya ya Maziwa (Lake District), ilimo Grasmere, nyumba nyingi zimekuwa za mapumziko ya watu wanaoishi mbali, bei zikiwashinda vijana waliozaliwa hapo. UNESCO iliiingiza wilaya hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 2017, kwa kuthamini uhusiano wa watu na mandhari yao. Cheo hicho hakimpi mzazi kijana nyumba ya kupanga. Mafunjo yataendelea kuota yenyewe kwenye maji. Anayetaka kujua kama Grasmere itaandamana miaka 50 ijayo aanzie kwenye daftari la mahudhurio la shule ya kijiji.