Maili 100 kwa Miguu

Uingereza kuna chama cha watembea kwa miguu, Long Distance Walkers Association, kilichoanzishwa mwaka 1972. Kila mwaka huandaa mwendo wa maili 100, yaani kilomita 161, unaotakiwa kukamilika ndani ya saa 48. Hatafutwi mshindi. Ukifika muda haujaisha, umefika.

Ukipiga hesabu, mwendo wenyewe haufiki hata kilomita nne kwa saa, kula na kupumzika kukiwemo. Asubuhi ya kwanza mtu yeyote mwenye afya anauweza. Kuuweza saa tisa ya usiku wa pili, hapo ndipo penye ufundi, nami naustahi ufundi huo kuliko mbio zozote za uwanjani.

Chukua njia ya South Downs, kutoka Winchester hadi Eastbourne, ambayo nayo ni maili 100. Kwa macho ni nchi ya upole: nyasi fupi, kondoo, vilima vya mviringo vikifuatana kuelekea mashariki. Ditchling Beacon, miongoni mwa vilele vyake virefu, ina mita 248 tu. Lakini mito ya Arun, Adur, Ouse na Cuckmere imeikata safu hiyo ikienda baharini, na kila ufikapo mto huna budi kushuka hadi bondeni, kisha uanze kupanda upya. Chini ya nyasi ni chokaa laini, na mvua ikinyesha huteleza vibaya. Ndani ya chokaa mna gumegume lenye makali, lile lile ambalo watu wa Enzi ya Mawe walilichimba pale kwenye kilima cha Cissbury kwa pembe za kulungu.

Kupanda huchosha, ila kushuka ndiko kunakoumiza. Mjuzi hushuka kwa hatua fupi, magoti yamelegezwa, wala hajiachii hata mteremko ukimvuta. Akihisi joto dogo kwenye kisigino, hasubiri kilima kinachofuata. Anaketi papo hapo, anavua kiatu, anakung'uta mchanga, anakausha katikati ya vidole kimoja kimoja, anabandika plasta bila kuacha kunjo. Wenzake wanampita. Na wampite! Lengelenge lililopuuzwa maili ya 20 ndilo linalomrudisha mtu nyumbani kwa gari maili ya 70.

Mchana mtembeaji huongozwa na duara la miti ya kilima cha Chanctonbury, iliyoanza kupandwa mwaka 1760 juu ya boma la kale. Dhoruba ya 1987 iliiangusha mingi, lakini kilima bado kinatambulikana kutoka mbali. Usiku duara halionekani. Kuna tochi ya kichwani, maelezo ya njia mkononi, na mgongo wa aliyetangulia.

Vituoni wanangoja watu wa kujitolea, wenye chai na supu. Wengi wao ni watembeaji wenyewe, kwa hiyo hawakuulizi kama umechoka. Wanakuuliza umekula nini tangu kituo kilichopita, na ukisitasita kujibu, unavutiwa kiti.